Kaye ya Madeni: Mafunzo Saba Niliyopata Rughenda Kuhusu Pesa za Msaada

Nyumba yangu iko Rughenda, mjini Butembo, katika jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, karibu na uwanja mdogo wa ndege. Ndege ikitua, watoto hukimbia kuitazama, maana kwao ndiyo inayoleta wageni. Mwaka 2024 wageni walikuja kwa miguu. Mwisho wa Juni, Kanyabayonga iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na wiki zilizofuata familia zikamiminika kwa njia ya Kayna, Kirumba na Lubero, mabunda vichwani, watoto mgongoni. Mji wetu ulikuwa umeshazoea kupokea. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia huko Beni yamekuwa yakitusukumia watu kutoka kaskazini; safari hii walitoka kusini. Wengi hawakwenda kwenye kambi. Walipiga hodi kwa ndugu, kwa marafiki, kwa waumini wenzao.

Kwangu alifika mama mmoja na watoto wanne, pamoja na mama mkwe wake. Mume walikuwa wamepotezana naye njiani. Tuliwapa chumba cha nyuma. Mwezi uliofuata shirika moja la msaada likatangaza kwamba halitagawa unga wala maharage; litagawa pesa. Shefu wa kartie, yaani mtaa wetu, akaniweka katika kamati ya kuandika majina, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka. Nakiri kwamba sikuipenda habari ile. Niliamini pesa zitapotea. Haya ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo.

1. Maskini huwa na hesabu yake kabla pesa hazijafika

Pesa zilifika Oktoba. Jioni ile yule mama alirudi nyumbani, akafunga mlango wa chumba cha nyuma, kisha akatuita mimi na mke wangu. "Mwalimu, njooni muwe mashahidi." Alitandika kitenge juu ya mkeka, akaanza kugawa dola mia moja kwa mafungu. Hakuwa na karatasi wala kalamu.

Fungu la kwanza, dola 23, la mwenye duka. La pili, dola 12, la kituo cha afya. La tatu, dola 20, la godoro, kwa sababu mama mkwe alikuwa akilala juu ya magunia, na usiku wa Butembo una baridi kali. La nne, dola 22, la maharage na unga wa muhogo. La tano, dola 18, la bidoni ya mawese ya lita 20, ili ayauze kidogo kidogo barabarani. Zikabaki tano. Alizitazama kwa muda, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. "Hizi ni za ugonjwa ambao haujatuambia jina lake."

Nilimwuliza yote hayo aliyapanga lini. "Tangu siku ile ulipoandika jina langu." Miezi miwili nzima alikuwa akigawa pesa ambazo bado hajaziona. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na sijaona mwanafunzi aliyegawanya mia moja kwa uangalifu kama ule.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili liliwahi kupimwa katika jimbo letu hilihili. Huko Masisi, mwaka 2011 na 2012, mchumi Jenny Aker alifuatilia familia za wakimbizi wa ndani. Baadhi zilipewa pesa, nyingine zikapewa kuponi za thamani ileile. Katika ulaji hakukuwa na tofauti ya maana, ila waliopewa pesa walinunua vitu vya aina nyingi zaidi, na kugawa pesa kulikuwa na gharama ndogo kuliko kugawa kuponi. Mimi nimeyaona hayo juu ya kitenge. Gunia la unga lingemtimizia mgeni wetu fungu moja kati ya sita. Mengine matano angeyapata kwa kuuza unga ule kwa hasara.

2. Deni ni chakula kilicholiwa jana

Wiki chache baadaye kijana wa tathmini alipita na maswali yake. Aliposikia kwamba dola 35 zimekwenda kwenye madeni, alikunja uso. "Karibu theluthi ya msaada?" Na mimi niliona haya kwa niaba ya mgeni wangu, nikatazama chini.

Sikupaswa kuona haya. Mwenye duka wa avenyu yetu ana kaye ya madeni, yaani daftari la wakopaji, na jina la yule mama lilikuwa limejaza kurasa nane: unga kilo moja, nusu sabuni, chumvi, unga tena. Kurasa zile ndizo zilizowalisha watoto Agosti na Septemba. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, na wenye shida ndio wanaojua kwa nini. Aliyelipa amefungua tena mlango wa kukopeshwa siku mambo yatakapomharibikia. Kabla ya malipo, mama huyu alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba za watu ili asipite mbele ya duka. Kesho yake alipita katikati ya njia, akasalimia kwa sauti, na mwenye duka akamwita mwenyewe: "Mama, sabuni mpya imefika."

Deni la kituo cha afya lilikuwa zito zaidi. Mtoto wake wa tatu aliugua malaria, na ili aruhusiwe kutoka naye ilibidi mama aache simu yake rehani. Ni akina mama wangapi huku kwetu hukaa nyumbani na mtoto mwenye homa kwa kuogopa bili? Huko Siaya, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly liligawia kaya maskini takriban dola 1,000 kila moja. Mwaka 2025 watafiti walitoa matokeo yanayonigusa kuliko yote: vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua karibu nusu, hasa palipokuwa na kituo cha afya karibu. Kuna akina mama waliopunguza kazi nzito mimba zilipokua, na walioweza kufika kujifungulia mikononi mwa wauguzi. Kwa mwenye mshahara, bili ya kujifungua ni usumbufu. Kwa mama wa chumba cha nyuma, bili hiyo inaweza kuwa mpaka kati ya mtoto anayeishi na mtoto anayezikwa.

3. Mwenye jina awe na simu yake

Fomu ya kuandikishwa ilitaka namba ya simu, kwa sababu malipo yangepitia simu. Simu ya mgeni wangu ilikuwa rehani. Akatoa namba ya kijana mmoja wa ukoo wake, nami nikaiandika bila kuuliza swali hata moja. Kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ilikuwa imebaki Kanyabayonga ndani ya nyumba asiyojua kama bado imesimama. Bila kadi hangeweza kusajili laini mpya kwa jina lake.

Dola zilizotumwa zilikuwa 110. Kijana akakata kumi "za soda." Yule mama hakulalamika. Alisema afadhali kumi kuliko zote, na kweli wapo wengine katika kartie yetu ambao simu za kuazima zilizimwa siku ya malipo, zisipatikane tena hadi leo.

Kosa hilo ni langu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningalimwambia msimamizi kwamba huyu hana simu, labda angalipatiwa njia nyingine. Hatari ya laini za simu imewahi kuwapata hata wazoefu wa kazi hii. GiveDirectly wenyewe walitangaza mwaka 2023 kwamba Kivu Kusini walikuwa wameibiwa takriban dola 900,000 zilizokusudiwa kwa zaidi ya familia 1,700, na wizi huo ulipitia usajili wa laini ambao baadhi ya wafanyakazi wao walikuwa wameushika mikononi. Nawaheshimu kwa kulisema hadharani. Ila tangu kosa langu lile, kabla sijaandika namba ya mtu yeyote, huipigia mbele yake, nisikie simu ikilia mkononi mwake.

4. Listi inaweza kuvunja ujirani

Katika avenyu yetu kuna mjane mzee aliyepokea watu kumi na mmoja kutoka kusini. Alilala jikoni ili wageni walale chumbani. Sikumwandika. Masharti yalisema wakimbizi wa ndani, naye ana nyumba yake, tena ya mabati. Siku ya malipo wageni wake walipokea, yeye akabaki na sufuria tupu na choo kilichojaa. Alinijia jioni, akasimama mlangoni bila kuketi. "Mwalimu, mimi nimekuwa kambi, na kambi hailipwi?"

Sikuwa na jibu. Familia inayopokea hugawana vyote: maji, makaa, chumvi, usingizi. Kaya iliyokuwa maskini Juni ilikuwa fukara Septemba kwa ajili ya ukarimu wake. Wahenga walitufundisha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe analima wapi, ikiwa shamba lake liko nyuma ya mstari wa vita? Mwenyeji naye hana shamba la kumgawia.

Wasiofahamu Butembo hushangaa kwa nini listi hutushtua hivi. Wakumbuke Ebola. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa ule uliwapata watu 3,470 katika mashariki ya nchi yetu na kuwaua 2,287, na Butembo na Katwa ziliumia sana. Tuliona pesa nyingi kuliko wakati wowote, nazo zilipita juu ya vichwa vyetu: magari ya kukodi, posho, nyumba zilizopangishwa kwa dola, huku aliyefiwa akirudi nyumbani na maneno ya kinga peke yake. Watu wakasema Ebola ni biashara. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Sitetei hata kidogo mkono uliochoma mahali pa kutibia wagonjwa. Nasema tu kwamba pesa ambazo watu hawaelewi zinakwenda wapi huzaa chuki.

Kwa hiyo awamu ya pili ya kuandikisha tulipigania mambo mawili. Listi ibandikwe ukutani, majina yasomwe mbele ya watu, na mwenye malalamiko apewe siku tatu za kuyasema. Na familia zilizopokea zihesabiwe pia. La kwanza tulilipata. La pili tulilipata nusu, na mjane wetu aliingia katika nusu hiyo.

5. Mlevi mmoja husemwa kuliko akina mama arobaini

Nilichokiogopa tangu mwanzo ni pombe. Na kweli, baba mmoja wa avenyu ya pili alichukua sehemu ya pesa za nyumba yake akaishia kwenye pombe ya kasiksi siku mbili mfululizo. Habari yake ilizunguka kartie nzima. Nilisikia hadi sokoni: "Mnaona? Tuliwaambia, wangewapa unga."

Nikakaa na listi yetu, nikapita nyumba kwa nyumba katika avenyu mbili nikiuliza kila familia imefanya nini. Niliona magodoro, madaftari ya shule, bati la kuziba paa la mwenyeji, jembe, kuku wawili, dawa za kikohozi. Kasiksi niliikuta kwa yule mmoja. Ila godoro halina sauti. Halipiti njiani likiimba usiku.

Yaliyo nje ya kartie yetu yanafanana na haya. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakaona kwamba karibu kila mahali matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka kwa sababu ya pesa za msaada. Huko Rarieda, Kenya, kati ya 2011 na 2013, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliona vilevile. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka wale akina mama ambao nilikuwa nimewahukumu kabla hawajapokea hata franka moja.

6. Kiasi na wakati wake hubadili kinachonunuliwa

Utafiti uleule wa Rarieda ulionyesha jambo ambalo kila mama wa nyumbani analijua. Waliopewa pesa kidogo kidogo kila mwezi waliboresha chakula. Waliopewa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, hasa mabati ya nyumba.

Kwetu mkupuo haununui mabati ya mtu mwenyewe, kwa sababu aliyekimbia mara mbili hajui kama hatakimbia mara ya tatu. Mgeni wangu alinieleza hivi alipokuwa akichagua godoro: alichukua jembamba, linaloweza kukunjwa na kufungwa kamba. Bidoni ya mawese aliipenda kwa sababu ina mkono wa kushikia. Vita huingia hata dukani na kumchagulia mtu bidhaa.

Hapo ndipo ninapowaonea wivu majirani zetu. Kenya ina Inua Jamii, ambayo humpa mzee shilingi 2,000 kwa mwezi. Tanzania ina TASAF, ambayo mpango wake wa kunusuru kaya maskini umefikia zaidi ya kaya milioni moja. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, maskini na asiye maskini. Pesa hizo si nyingi, lakini zina tarehe, na mtu akijua tarehe anaweza kupanga. Zetu huja mara moja, kisha tunabaki kusikiliza fununu. Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje. Mwezi huohuo Goma ilitekwa na benki zake zikafungwa. Familia zilizokuwa kwenye listi yetu ya awamu ya tatu bado ziko kwenye listi.

7. Noti haitafunwi

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Yule mama alipopata dola 18, mawese kutoka upande wa Beni yalikuwa yanamngoja sokoni. Alinunua bidoni moja asubuhi, akakaa mbele ya lango langu na kijiko na chupa ndogo, akauza kwa vipimo hadi jioni. Faida ilitosha sombe na chumvi. Siku ya nne alikuwa amerudi sokoni. Mwenye kumuuzia alimnunulia mtoto wake viatu, na muuza viatu naye alikuwa na deni mahali. Hiyo ndiyo kazi ya pesa mahali penye soko. Kule Siaya, kati ya 2014 na 2017, watafiti walifuatilia vijiji 653 wakaona kwamba kila dola iliyogawiwa ilizaa kama dola mbili na nusu katika uchumi wa pale, na bei hazikupanda kwa kiasi cha kuumiza mtu, takriban asilimia 0.1 tu.

Lakini Siaya magari yanapita. Kwetu, njia ya Kasindi, inayotuletea bidhaa kutoka Uganda, ikishambuliwa, bei ya sabuni hupanda kabla ya jua kuzama. Njia ya mashamba ya Beni ikifungwa, mawese huadimika, na dola 18 hazijazi tena bidoni. Anayetaka kutusaidia kwa pesa ajue kwamba soko huishi kwa barabara, na barabara huishi kwa amani. Palipozingirwa, leteni chakula, maana mwenye noti mkononi naye hufa njaa. Palipo na soko, tuleteeni pesa, mtuachie sisi kupanga mafungu.

Na hata pesa zikifika kwa wakati, kwa mwenye jina, kwa listi iliyobandikwa ukutani, lipo deni moja zisiloweza kulilipa. Mgeni wetu ana shamba la maharage na migomba. Ana nyumba. Hajaomba maisha yake yote yahamie katika mafungu sita juu ya kitenge.

Mwaka jana alipanga chumba chake mwenyewe, avenyu mbili kutoka kwetu. Bado anauza mawese, na majirani wasio na pesa huja na kikombe wakimwomba awaandikie. Ana kaye yake sasa. Juzi alinipa niikague hesabu, kama anavyofanya kila mwisho wa mwezi: nusu kijiko, kijiko, chupa moja, amelipa, hajalipa. Jina la mjane wetu limo, na mbele yake hakuna tarakimu. Ameniambia yule hatamdai kamwe.

Nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuta hesabu nyingine, kwa mwandiko wa binti yake mkubwa. Nauli ya watu sita hadi Kanyabayonga. Mbegu za maharage. Misumari. Mlango. Alikuwa amejumlisha vyote, akavuta mstari, na chini ya mstari hakuandika kitu. Nilimwuliza mama kwa nini hesabu haikumalizwa.

"Pesa nitazitafuta, Mwalimu," alisema. "Njia ndiyo sijui bei yake."